Herufi B kwa Kidole Kimoja

Mnisamehe kwanza mwandiko. Naandika polepole, na mkono wangu ukifika mwisho wa mstari huwa umechoka, kwa hiyo maneno ya mwisho hupanda juu kama mbuzi mlimani. Mnisamehe na tahajia pia. Nimesoma mpaka darasa la saba tu, na kwetu Iringa r na l ni mtu mmoja mwenye majina mawili. Mkikuta moja imekaa kwenye kiti cha mwenzake, someni lile linalofaa.

Nataka kueleza habari za uso wangu, ambao upande wa kushoto ulipooza. Sielezi ili nionewe huruma. Walionionea huruma walikuwa wengi, waliniletea mayai, na mayai niliyala. Naeleza kwa sababu mambo kadhaa yaliyotokea yalikuwa ya kuchekesha, na wakati ule sikuweza kuyacheka vizuri, maana kucheka kunataka pande zote mbili.

Nilizaliwa Mlandege, pale Iringa mjini. Nyumbani nilijulikana kuwa mtoto wa nyuma ya mlango. Mgeni akipiga hodi, kabla hajakaribishwa mimi nilikuwa nimeshafika huko, nimesimama kati ya mlango na ukuta, na sitoki mpaka amekula, amekunywa, ameaga. Mama aliacha kuegesha ungo mahali hapo ili nipate nafasi. Nilipomaliza darasa la saba bila kuchaguliwa kuendelea, shangazi yangu aliyeolewa Mbeya alisema nipelekwe kwake Ilomba. Alisema huko hakuna anayenijua, kwa hiyo hakutakuwa na wa kumwogopa. Hesabu hiyo sikuielewa, lakini nilikwenda.

Ilomba ndiko nilikopewa darasa la kisomo. Miaka hii kijana akimaliza shule na akaonekana anakaa tu, anapewa watu wazima awafundishe kusoma. Mjumbe wa nyumba kumi alipita kwa shangazi akanikuta nasoma kipande cha gazeti kilichofungiwa chumvi. Akaandika jina langu. Sikupata muda wa kufika nyuma ya mlango.

Tulikutana alasiri, siku tatu kwa wiki, katika chumba cha shule ya msingi watoto wakishaondoka. Wanafunzi wangu walikuwa watu ishirini na kidogo, wengi wao wakulima wa Kisafwa na wa Kinyakyusa, wakubwa kwangu wote. Walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamepanda karibu na kidevu. Mwezi wa kwanza nilifundisha nikiutazama ubao. Mwezi wa pili nilianza kugeuka. Siku moja nilitamka silabi na sauti yangu ikaenda ikagonga ukuta wa nyuma, na mzee aliyekaa huko akaitikia. Nilikuwa na miaka kumi na minane na sijawahi kuisikia sauti yangu ikifika mbali vile. Tangu siku hiyo nililipenda lile darasa kuliko kitu chochote nilichokuwa nacho, na sikumwambia mtu.

Katikati ya baridi nilikwenda Iringa kumjulia hali mama aliyekuwa mgonjwa. Wakati wa kurudi nilikaa dirishani kwenye basi, na kioo cha dirisha langu hakikufungika. Kutoka Makambako upepo ulinipiga shavu la kushoto bila kupumzika. Kulikuwa na nafasi nyuma. Ningeweza kumwomba utingo nihamie huko, lakini kumwomba kulikuwa na maana ya kusema mbele ya watu, basi nikanyamaza mpaka Mbeya. Mganga wa zahanati baadaye aliniambia si lazima upepo ndio uliosababisha. Mimi bado naudhani.

Kesho yake asubuhi nilikuwa nakunywa uji, na shangazi alikuwa ananitazama.

“Wewe, unakunywa au unamwagilia?”

“Nakunywa, shangazi.”

“Hebu niangalie. Cheka.”

“Nicheke nini?”

“We cheka tu!”

Nikacheka. Shangazi aliweka mwiko chini. “Mungu wangu,” alisema, “mtoto amecheka nusu.”

Huko zahanati nilielezwa kwamba mshipa wa fahamu wa uso umelala. Si jini, si mkono wa mtu. Utaamka wenyewe baada ya majuma, pengine miezi, pengine usiamke wote. Nilitakiwa kulikanda shavu na kulifunga jicho la kushoto kwa kitambaa wakati wa kulala, maana lilikuwa limekataa kufumba. Majirani nao walikuwa na maelezo yao. Mmoja alisema bila shaka nilimcheka mtu mwenye mdomo kama huo. Nilijaribu kumkumbuka mtu huyo, nikashindwa. Katika maisha yangu sikuwa nimemcheka mtu yeyote, angalau si mbele yake.

Jumatatu nilikwenda darasani. Nilifikiria sana kutokwenda. Lakini funguo za chumba zilikuwa kwangu, na watu wanatoka mbali, wengine wameshuka mlimani na mizigo. Somo la siku hiyo lilikuwa herufi b. Ingekuwa k au t nisingekuwa na la kuandika hapa.

Asiyepooza mdomo hajui kwamba b inataka midomo miwili ishikane na iachane kwa pamoja. Midomo yangu ilishikana upande wa kulia tu. Upande wa kushoto ulibaki wazi, upepo ukapita. Niliandika ubaoni ba, nikageuka, nikasema, “Wa.”

“Wa!” darasa likaitikia.

Nikaandika baba. “Wawa.”

“Wawa!”

Dawati la mbele alikaa bibi mmoja muuza viazi, mtu mzima sana, ambaye hakukosa somo hata siku moja. Alinyosha mkono.

“Mwalimu, mjukuu wangu yuko darasa la kwanza. Kwake hii ni ba. Kwetu watu wazima ni wa?”

“Hata kwenu ni wa.”

“Ndiyo nauliza. Ni wa?”

Bila kufikiri nilikibandika kidole cha shahada kwenye shavu la kushoto, karibu na kona ya mdomo, nikausukuma mdomo ukae mahali pake. Nikasema, “Ba.” Ilitoka safi.

Darasa zima, wanaume kwa wanawake, wakaweka kidole shavuni. “Ba!”

Nilidhani wananitania. Nilizitazama nyuso zao moja moja. Hakuna aliyekuwa anatania. Walikuwa wamepanda mlima na kushuka ili wajue kusoma, mwalimu ameweka kidole, nao wameweka.

Siku za mbele niligundua kwamba p ni ngumu kuliko b, ina upepo mwingi, haitulizwi kwa kidole kimoja. Nikatumia viwili. Nao wakatumia viwili. Niliwaambia wazi, “Kidole ni dawa yangu mimi mgonjwa. Ninyi ni wazima, semeni tu.” Waliitikia ndiyo, wakakaa bila kidole siku moja, halafu wakarudi kule kule. Baadaye nilielewa sababu. Katika lugha walizonyonya kwa mama zao b ni laini, inapita karibu sana na w, na masikio yao hayakuona tofauti kubwa kati ya hizo mbili. Kidole waliweza kukiona. Kidole kikiwapo ni b, viwili ni p, hakuna ni w. Tangu nianze kufundisha hawakuwa wamewahi kuzishika herufi upesi namna ile.

Jambo la pili lilikuwa jicho. Mtu hupepesa macho bila kujua, na mimi nikipepesa, la kulia lilifumba na la kushoto likabaki linatazama. Kwa hiyo saa nzima ya somo nilikuwa namkonyeza kila niliyemtazama. Mke wa seremala mmoja wa jirani alikuwa mwanafunzi wangu, na habari zikamfikia mumewe. Akaja na patasi mkononi. Alisema alikuwa ametoka kazini nayo.

“Mwalimu, wewe ndiye unayemkonyeza mke wangu?”

“Hapana, kaka. Nimepooza.”

“Aliyepooza anakonyeza? Mimi nitakaa hapa nione.”

Alikaa nyuma. Nilifundisha nikiwa na hofu, na mtu mwenye hofu hupepesa zaidi. Niliwakonyeza vikongwe. Nilimkonyeza mzee wa kanisa. Nilipofuta ubao na kugeuka, macho yetu yakakutana, mimi na seremala, nikamkonyeza mara tatu mfululizo.

“Haa!” aliruka. “Hata mimi?”

Darasa lilicheka mpaka madawati yakalia. Mkewe alijifunika uso kwa kanga. Seremala aliketi tena, akamwuliza jirani yake hiyo iliyoandikwa ubaoni ni nini, na juma lililofuata alikuja na daftari. Alikuwa hajui kusoma na hakuwa amemwambia mtu, hata mkewe.

Naweza kutaja faida nyingine. Aibu yangu yote zamani ilikuwa usoni. Sasa nusu ya uso ilikuwa haisemi chochote, basi nilijifunza kuwaelekezea watu upande huo. Waliniona mkali. Wazee walianza kuniamkia kabla sijawaamkia, na nikasita, kwa kuwa si adabu, lakini sikuwa na namna ya kutabasamu na kurekebisha.

Mratibu wa elimu ya watu wazima alikuja kutukagua mwezi uliofuata. Alikuwa mtu mpole mwenye mkoba, aliyesimama mlangoni akanisikiliza kwa dakika chache, nami nilipomwona nilikishusha kidole. Maneno yakaniharibikia yote. Akaniita nje.

“Ndugu Mwalimu, pole na ugonjwa.”

“Asante, Ndugu.”

“Lakini silabi unazitamka vibaya. Wataandika nini hawa kwenye mtihani?”

Alisema mtihani wa kisomo utakuwa mwisho wa mwezi na yeye mwenyewe atausimamia. Wakifaulu, vizuri. Wakishindwa, darasa atapewa mwingine na mimi nitapumzika nyumbani mpaka nipone. Aliyasema kwa wema, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi, maana mtu mwema hawezi kupingwa.

Juma lile lile ilifika barua ya baba. Alikuwa amesikia. Ameshaongea na mtaalamu wa miti shamba, nirudi Mlandege, nikae ndani mpaka uso utakaporudi, watu wasinione. Niliisoma mara mbili. Sikuona tofauti kati ya kupumzika kwa mratibu na kukaa ndani kwa baba. Yote mawili yaliishia nyuma ya mlango, na safari hii sikujua kama ningetoka. Nilimjibu baba kwamba nasubiri mtihani.

Siku moja kabla ya mtihani niliwaonya. “Kesho mtu asiweke kidole shavuni. Mratibu hataelewa.” Wote waliitikia. Seremala aliuliza na cha p. Nikasema hata vya p.

Bibi wa viazi aliitwa wa kwanza. Mratibu alimpa karatasi yenye sentensi moja, *Baba na babu wanapanda maharage bondeni.* Alikaa mbele yake mikono mapajani, akaitazama karatasi, akanyamaza.

“Soma, mama.”

“Nasoma, Ndugu.”

“Mbona sisikii?”

“Mkono umekatazwa.”

“Nani ameukataza?”

“Mwalimu.”

Wote wakanigeukia. Uso wangu wa kushoto haukuonyesha kitu. Wa kulia sijui ulionyesha nini.

“Basi, mama, soma unavyojua,” mratibu alisema.

Kidole kilipanda. Alisoma sentensi nzima bila kukwama, kimoja kwa b, viwili kwa p, upesi kama mtu anayepiga marimba, na alipomaliza akairudia bila kuombwa. Mratibu aliinama kidogo kumtazama shavu.

“Jino linauma, mama?”

“Meno yangu mazima. Hiyo ni b.”

“B inakaa shavuni?”

“Kwani kwenu inakaa wapi?”

Hakuna aliyecheka, kwa kuwa hakuna aliyeona cha kuchekesha. Mzee wa kanisa alifuata, kidole shavuni. Mke wa seremala akafuata, naye akatumia kidole cha mkono wa kulia kwenye shavu la kulia, maana ndivyo alivyokuwa akiniona kutoka mbele, kama kwenye kioo. Mratibu aliandika jambo fulani katika daftari lake, akalikata, akaandika upya. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na dirisha nikipanga kichwani nguo gani nitazibeba na gani nimwachie binamu yangu.

Ikaja imla. Mratibu alisimama akasema kwa sauti nzuri ya redio, “Babu alipiga kura.”

Hakuna aliyeandika. Kalamu zote zilikaa hewani.

“Andikeni. Babu alipiga kura.”

Seremala akanyosha mkono. “Ndugu, hiyo ya kwanza ni b au w? Hatujaona.”

“Hamjaona nini?”

“Kidole.”

Mratibu aliwatazama. Watu wazima ishirini na zaidi, magoti kidevuni, walikuwa wanamtazama mdomo kwa makini kuliko nilivyowahi kutazamwa mimi. Nilitaka kusema samahani, Ndugu, kosa ni langu, lakini mratibu aliniwahi. Akakohoa. Akainua kidole, akakishikisha shavuni mwake kama mtu anayepima kama amenyolewa vizuri.

“Ba-bu,” alisema.

“Aaa!” darasa zima likasema, na kalamu zikashuka.

Kwenye *alipiga* alisita. Bibi wa viazi akamwonyesha, viwili.

Aliyakusanya madaftari akayasahihisha hapo hapo. B zote zilikuwa mahali pake, na p pia. Kosa lilikuwa moja, na karibu wote walilifanya: *Babu alipiga kula.* Mratibu aliuliza nani aliyewafundisha kwamba kura inaandikwa hivyo. Hilo halikuwa la mdomo. Nilizaliwa nalo Iringa nikalileta Mbeya nikiwa mzima kabisa.

Akaniita nje tena, tukasimama pale pale pa mara ya kwanza.

“Ndugu Mwalimu, huu si utaratibu.”

“Ndiyo, Ndugu.”

“Hakuna kitabu kinachosema mambo ya vidole.”

“Hakuna.”

“Nimezunguka madarasa mengi. B na w zinawasumbua kila mahali.” Akafunga mkoba, akaufungua, akaufunga. “Wanne wameshindwa kusoma, na hao mahudhurio yao nimeyaona, hawakuja siku za kuvuna viazi. Wengine wanasoma. Darasa endelea nalo. Ila fundisha r.”

“Nitafundisha.”

“Na acha kunikonyeza.”

“Nimepooza, Ndugu.”

“Najua,” alisema. “Nimekumbuka sasa hivi.”

Nilimwandikia baba mistari miwili, kwamba wamefaulu na kwamba siji. Alijibu kwamba miti shamba imeshakauka vizuri, itanisubiri.

Sasa umepita zaidi ya mwaka. Jicho linafumba, ingawa linachelewa kidogo kuliko mwenzake. Mdomo umerudi sehemu kubwa. B naisema bila msaada, lakini darasani bado naweka kidole, kwa kuwa wapo wapya, na nikikisahau bibi wa viazi ananikumbusha kutoka dawati la mbele, ambalo amekataa kulihama ingawa amepata cheti. Watu wakinifanyia mzaha kwamba nina uso wa zamu mbili, nusu inaingia kazini nusu inatoka, nacheka, na nusu nyingine inafuata baadaye.

Kilichonishinda ni f na v. Hizo zinataka meno ya juu yaguse mdomo wa chini, na mdomo wangu wa chini bado unakwepa upande mmoja, na darasa langu jipya linaandika *vimbo* badala ya *fimbo*. Nimejaribu kidole chini ya mdomo, nimejaribu kidole gumba, nimejaribu kuuma. Kama kati yenu mnaosoma kuna mtu ambaye uso wake umewahi kulala namna hii, au ana ndugu wa hivyo, naomba aniandikie kwa njia ya waliochapisha maneno haya, anieleze f anaishikaje. Aeleze na kidole gani, upande gani. Nitamsomea darasa barua yake, na tutajibu sisi sote.